Hifadhi ya Funza

Ukitoka Mugumu kuelekea bwawa la Manchira, kabla hujafika kwenye majaruba ya mpunga, kuna kibanda cha spea za pikipiki, na mbele ya kibanda kuna benchi lililotengenezwa kwa ubao wa bango la zamani. Ubao umeandikwa MRADI WA, halafu msumeno ukapita hapo, kwa hiyo hakuna anayejua ulikuwa mradi wa nini, na wanaoukalia kila asubuhi wameukalia miaka minne bila kuona haja ya kuuliza. Modesta huweka jiko lake la mkaa pembeni, birika la kahawa ya tangawizi juu yake, na sahani ya karanga za kukaanga. Ukinywa kikombe kimoja una haki ya kuongea, ukinywa viwili una haki ya kubisha. Mwenye kibanda ni Odoyo, wanamwita Sirari, kama ule mji wa mpakani, kwa sababu dada zake wameolewa ng'ambo ya mpaka na habari zote za dunia, kwa maelezo yake, lazima zipitie Sirari kwanza. Wa pili ni Mzee Werema, jina la kijiweni Bikoni, kama yale mawe ya mipaka ya ardhi. Alipokuwa kijana kule Kemambo aliwabebea wapima ardhi vifaa vyao kwa wiki tatu tu, na tangu hapo hajawahi kuona jiwe lililosimama wima akaliacha bila kulishuku. Wa tatu ni Mogesi, mkulima wa mpunga, na asubuhi hiyo ya Alhamisi Mogesi alikaa kwenye ncha ya benchi, kahawa imepoa mkononi, hata karanga hajagusa.

Alikuwa na siri, na afadhali wewe uijue mapema kuliko wale waliokuwa wanamcheka. Msimu uliopita funza wa shina waliingia kwenye mpunga wa Manchira, wakatoboa mabua, masuke yakatoka meupe, matupu, ukiyapapasa hayana kitu. Mogesi alivuna madebe matatu kwenye shamba linalompa magunia. Ndipo wakaja watafiti na mpunga wa majaribio, uliobadilishwa vinasaba, ambao funza akilitafuna bua lake anakufa mwenyewe bila mtu kupulizia dawa. Walihitaji mkulima mmoja, wakamchukua Mogesi. Masharti yalikuwa mawili. La kwanza, mavuno ya majaribio hayaliwi. Yatapimwa yateketezwe, na yeye atapewa mpunga wa kawaida gunia kwa gunia. La pili, pembeni mwa shamba aache ukanda wa hatua kumi wa mpunga wa kawaida, usipuliziwe dawa hata tone, funza wajilie humo wanavyotaka. Judith, binti mtafiti aliyekuwa anawaelekeza wakulima, alitafuta neno la Kiswahili la ukanda huo, akakuna kichwa, akasema basi tuuite hifadhi ya wadudu.

Angesema neno lingine lolote! Angesema kipande, angesema malisho, watu wangeitikia na kwenda zao nyumbani. Lakini umwambie mtu wa Serengeti kwamba shambani kwake kutakuwa na hifadhi? Hifadhi huku ni mahali ambapo ng'ombe wako haingii, na tembo wa humo akijisikia anatoka kuja kula mtama wako. Kijiwe kililidaka neno hilo na hakikuliachia. Wiki ya kwanza Mogesi alicheka pamoja nao. Wiki ya pili, Mzee Werema alipoanza kumweleza kwa utaratibu jinsi ardhi inavyopotea, kicheko kikamkauka. Na juzi alfajiri, mke wake bado amelala, Mogesi akabeba bomba mgongoni akaipulizia hifadhi yote, kona kwa kona, mpaka na panzi waliokuwa wanapita kwa shughuli zao wakaanguka.

Sasa leo ndiyo siku ya Judith kuja kukagua. Ukanda ukikutwa na dawa, majaribio yamekwisha, na majaribio yakiisha hakuna gunia hata moja, na Mogesi hana shamba lingine la bondeni. Hakuja kijiweni kunywa kahawa. Alikuja akitaka mtu mmoja tu, hata kwa kuzungukazunguka, aseme kwamba mtu mwenye akili angefanya kama alivyofanya yeye.

– Mhifadhi Mkuu ameamkaje? Odoyo akaanza, akiwa anapanga cheni za pikipiki kwenye misumari.

– Salama, Mogesi akajibu.

– Na wanyama wako?

Mogesi akasema nao salama. Alitazama ndani ya kikombe alipokuwa anasema hivyo. Kisha akakohoa, akamgeukia Mzee Werema, akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mvua:

– Hivi mzee, ungekuwa ni wewe, ile hifadhi ungeifanyaje?

Alikuwa na uhakika wa jibu. Wiki nzima iliyopita mzee huyu alikuwa amemwambia: leo wanakuwekea ukanda, kesho kibao cha usipite, keshokutwa bikoni nne, halafu geti, halafu askari wa geti, halafu wewe mwenyewe unaomba kibali cha kwenda kuona mpunga wako. Alikuwa amempimia kwa hatua na fimbo, hapo hapo barabarani, jinsi ukanda wa hatua kumi unavyozaa ukanda wa hatua mia.

Werema akamalizia kikombe cha kwanza, akanyoosha mkono kwa cha pili, akangoja kijae.

– Mimi? Ningeiacha, mura, kijana wangu.

Mogesi akasogea karibu naye. Akamkumbusha mzee habari za bikoni, na geti, na askari. Mzee akamsikiliza kwa upole sana, akitafuna karanga upande wa meno yaliyobaki.

– Hiyo ilikuwa wiki iliyopita. Wiki iliyopita nilikuwa sijafikiria watalii.

Hapo kijiwe kikachangamka. Mzee Werema alieleza kwamba duniani kote kuna hifadhi za simba, hifadhi za ndege, hifadhi za samaki, lakini hifadhi ya funza wa mpunga hajawahi kuisikia, kwa hiyo hii ya Mogesi lazima iwe ya kwanza. Wazungu wanaokuja kutazama nyumbu wakivuka mto watapitishwa Manchira nusu siku kutazama funza wakivuka tuta. Watalala kifudifudi na darubini. Na kwa kuwa nyumbu wana msimu wao wa kuhama, hakuna kinachozuia funza nao wapewe msimu wao, tena wa karibu na barabara. Odoyo akamuunga mkono. Akasema wale funza wakubwa watafungwa vile vidude vya shingoni vya kufuatilia mnyama anakokwenda. Modesta akauliza funza shingo yake iko wapi. Odoyo akasema hilo ni swali la wataalamu.

– Tatizo lenu nyinyi mnaongea bila kujua hiyo mpunga ni ya aina gani, Odoyo akaendelea. Shemeji yangu kule Migori alinieleza hiyo maneno vizuri. Hiyo kitu imechanganywa na nge.

– Nge? Modesta akauliza.

– Nge kabisa. Ndiyo maana funza akiuma anaumwa yeye. Na si funza pekee. Ukishakula huo wali wiki mbili, mbu akikugusa anadondoka. Unalala bila neti. Buda, unalala mlango wazi.

Mogesi akasema hakuna nge. Judith aliwaeleza kwamba ile sumu asili yake ni kijidudu fulani cha kwenye udongo, hakionekani kwa macho, na inamdhuru funza tu. Akaongeza kwamba hata hivyo mpunga wenyewe hauliwi, utateketezwa. Odoyo akasema ndiyo hapo sasa, kwa nini uteketezwe kama si nge. Mzee Werema akatikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu aliyepatwa na ushahidi mkubwa kuliko alivyoutarajia.

Halafu ikaja zamu ya bata. Mogesi ana bata saba, kila mtu wa Manchira anawajua, maana wanapita kwenye majaruba ya watu bila adabu. Mzee Werema alitaka kujua bata hao wakiingia kwenye ule ukanda wakala funza, kesi yake inaitwaje. Odoyo alijibu bila kusita kwamba kula mnyama wa hifadhini ni ujangili. Wakakubaliana kwamba bata wa kwanza ataonywa, wa pili atapigwa faini ya manyoya, na yule dume mwenye shingo nyeusi, kwa tabia yake, hatapata dhamana. Modesta alicheka mpaka akashika ubavu. Mogesi naye alijaribu kucheka, lakini jicho lake lilikuwa barabarani, upande wa mashambani, akitafuta kofia nyeupe ya Judith.

– Lakini Mogesi, Modesta akasema alipopata pumzi, mimi jambo moja linanishinda. Mna mpunga unaoua funza. Vizuri. Sasa hao mnaowalisha pembeni mnawalisha kwa nini? Si muwaue wote yaishe?

Hilo ndilo swali ambalo kwa wiki mbili hakuna aliyeliuliza, kwa kuwa kijiwe kilikuwa kinashughulika na geti na askari. Mogesi akaanza kulijibu taratibu, kwa maneno ya Judith. Kwenye mpunga wa majaribio funza karibu wote wanakufa. Ila katika maelfu anaweza kutokea mmoja mwenye mwili sugu, akala, asife. Akitokea na mwenzake sugu wakaoana, watazaa watoto sugu, wajukuu sugu, na baada ya misimu michache ule mpunga hautamuua funza yeyote. Sasa pale kwenye ukanda wanakua funza wa kawaida, wengi. Wakishakuwa nondo wanaruka, wanampata yule sugu wa upande wa pili, wanaoana naye. Watoto wanazaliwa laini. Wakija kula ule mpunga, wanakufa.



– Kwa hiyo hiyo siyo hifadhi, Mzee Werema akasema. Ni ukumbi wa harusi.

– Ndiyo maana yake, mzee.

– Ukoo mmoja wasioane.

– Ndiyo.

– Sasa hilo si jambo la kujua kila mtu? Hata sisi Wakurya huwezi kuoa kwenye ukoo wako. Na Waluo hivyo hivyo, au siyo, Sirari? Unatafuta binti wa mbali ili damu ichanganyike. Yule binti wa utafiti angesema tu hawa wadudu wanatafutiwa wachumba, nani angebisha? Mimi mwenyewe ningeenda kuwa mshenga.

Odoyo akauliza mahari ya nondo ni ng'ombe wangapi, na Mzee Werema akaanza kuhesabu kwa mabua. Mogesi hakuwasikia. Alikuwa amelieleza jambo lile kwa mara ya kwanza kwa mdomo wake, na lilipotoka ndipo alipolielewa. Kule alikopita na bomba juzi alfajiri alikuwa ameua wachumba wote. Akajiona mjinga, tena mjinga wa kupindukia, mtu mzima mwenye binti wa kidato cha tatu, Winfrida, aliyeogopeshwa na mzee wa bikoni ambaye leo amebadili mawazo kwa kikombe cha pili cha kahawa. Alitaka kumkasirikia Werema, akashindwa. Mzee alikuwa anatania tangu siku ya kwanza, na yeye tangu siku ya kwanza alikuwa anaogopa.

Akiwa katika hali hiyo ndipo alipotokea Dorka, Mama Akech. Dorka si mtu wa kijiweni. Ni jirani wa Mogesi shambani, mpunga wake umelizunguka shamba la Mogesi pande tatu, na upande wa nne ni mfereji. Siku ile watafiti walipochagua mkulima na yeye alinyoosha mkono, wakasema wanahitaji mmoja tu. Sasa alikuja akitokea mashambani, matope mpaka magotini, na mgongoni amebeba bomba la kupulizia, limejaa, unasikia dawa inavyocheza ndani kila anapokanyaga.

– Shikamoo Mzee Werema. Hamjambo wengine.

Wakamwitikia. Modesta akamkaribisha kahawa, akasema asante, bado. Alisimama mbele ya Mogesi bila kushusha bomba.

– Baba Winfrida, yule binti Judith yuko shambani kwako tangu saa moja.

Mogesi akaweka kikombe chini.

– Ameona ukanda wako, Dorka akasema. Alinusa kabla hajainama. Ameokota nondo waliokufa, amewatia kwenye chupa.

– Nondo waliokufa kwa nini? Odoyo akauliza. Kisha akamtazama Mogesi, na Mzee Werema akamtazama Mogesi, na Modesta alikuwa ameshamtazama zamani.

Mogesi akawaambia. Alisema kwa kifupi: juzi, alfajiri, kwa sababu ya geti na askari. Hakumtaja mtu. Mzee Werema akaanza kutafuta kitu kwenye mfuko wa koti lake, akakitafuta muda mrefu.

– Amesema nini? Mogesi akamuuliza Dorka. Anafuta majaribio?

– Alitaka kufuta. Alisimama pale kwenye tuta, uso umemshuka, nikamwonea huruma. Halafu akaniona mimi ninachanganya dawa, akaja. Akaniuliza mpunga wangu ni wa kawaida? Nikamwambia wa kawaida. Nimeshapulizia msimu huu? Nikamwambia ndiyo nataka kuanza, maana mioyo ya mpunga, yale majani machanga ya katikati, imeanza kukauka. Akapita kwangu pande zote tatu, anahesabu hatua. Akarudi anatabasamu. Akasema basi huu unatosha, tena unazidi. Nisipopulizia mpaka kuvuna, hifadhi ipo, na majaribio ya Baba Winfrida yanaendelea. Nikipulizia, anang'oa vibao vyake vya majaribio anaondoka leo.

Odoyo akapiga paja. Akasema si hiyo ni poa, si Mogesi amepona, si Mungu ni mkubwa. Modesta akamtazama kwa jicho ambalo wateja wasiolipa wanalijua, na Odoyo akarudi kwenye cheni zake. Mogesi naye, usimlaumu sana, moyo wake ulikuwa umeruka. Kwa muda mfupi aliona magunia yake yamepangwa ukutani, na hakuona kitu kingine.

Dorka alikuwa hajamaliza.

– Nilimuuliza yule binti swali, akasema yeye kazi yake ni wadudu, niwaulize wenzangu. Nikasema pale kwa Modesta kuna watu wanajua kila kitu, ngoja nipite. Swali langu ni dogo. Funza waule mpunga wangu, ili wa Baba Winfrida upone. Yeye kilichopimwa atapewa gunia kwa gunia. Mimi nitakapovuna masuke meupe hakuna atakayekuja na mizani. Basi hifadhi ni mimi. Sasa mimi nihifadhiwe na nani?

Alisema hivyo bila ukali. Ingekuwa afadhali angepiga kelele, maana kelele kijiwe kinazijua.

Mzee Werema alifungua mdomo, na wote wakamgeukia, kwa kuwa hajawahi kukosa jibu tangu benchi lile lipigwe misumari. Akasema, hilo sasa. Odoyo akasema labda shemeji yake wa Migori anaweza kujua. Hakupiga simu.

Mogesi alimtazama Mama Akech. Alikumbuka msimu uliopita, siku walipokutana kwenye tuta na masuke yao meupe mikononi, na jinsi mama huyu alivyofyeka yote akayabeba kuwapa mbuzi bila kulalamika, na jioni bado akamletea Mama Winfrida mboga. Neno alilokuwa analihitaji lilikuwa moja tu, usipulizie, na mama huyu kwa ujirani angeweza kukubali. Hilo ndilo lililomtisha. Angeweza kukubali kweli.

– Pulizia, Mama Akech, akasema. Kosa ni langu. Pulizia mpunga wako.

Dorka akatikisa kichwa.

– Sikuja kuomba ruhusa, Baba Winfrida. Dawa ni yangu na shamba ni langu. Nimeuliza swali.

Akatoa mikanda ya bomba mabegani, akalishusha chini polepole lisimwagike, akasogea kwenye benchi. Mzee Werema akamwachia nafasi, akabana mpaka kwenye ncha.

– Jua likishakuwa kali dawa haipuliziwi, Dorka akasema. Nina nusu saa. Nitangoja.

Akakaa, bomba katikati ya miguu. Modesta akammiminia kahawa iliyobaki kwenye birika, na Mzee Werema aliponyoosha kikombe chake cha tatu akaambiwa imekwisha. Mogesi alilitafuta jibu, na kila alilolipata lilianza na kumgawia Mama Akech magunia yake mwenyewe.